Kwa Nini Siliaki Haifanani kwa Ndugu wa Damu Moja

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za jioni. Asanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja kunisikiliza.

Watafiti wa Ufini waliwahi kuwachunguza mapacha wa kufanana, yaani wale waliotokana na yai moja na ambao jeni zao ni zilezile. Katika kila jozi, angalau mmoja alikuwa na ugonjwa wa ngozi unaoitwa damatitisi hapetifomisi. Huu ni upele wa malengelenge madogo yanayowasha kupita kiasi, hukaa zaidi kwenye viwiko, magoti na makalio, na ni sura mojawapo ya siliaki, ugonjwa ambao mtu akila ngano kinga ya mwili wake inashambulia utumbo. Sasa sikilizeni walichokiona. Katika baadhi ya jozi, wote wawili walikuwa na upele. Lakini zilikuwepo jozi ambazo pacha mmoja alikuwa na upele, na mwenzake hana hata kipele kimoja, ila anaugua siliaki ya utumbo. Mama mmoja, baba mmoja, yai moja. Ugonjwa ukaja kwa sura mbili.

Nawaletea mapacha hawa kwa sababu swali ninaloulizwa kuliko yote linawahusu. Mgonjwa anakuja, ameharisha miezi, amekonda, amepimwa na kuambiwa ana siliaki. Namwambia ndugu zake wa tumbo moja nao wapimwe. Anajibu: "Daktari, dada yangu mzima kabisa, tena mnene. Yeye ana upungufu wa damu tu." Hilo neno "tu" linaniuma kila ninapolisikia. Upungufu huo wa damu ndio huenda ukawa siliaki yake.

Hoja yangu ya leo ni hii. Jeni zina nguvu kubwa mno katika kuamua nani anaweza kupata siliaki. Zina nguvu ya kadiri katika kuamua itaanza mapema kiasi gani, na kwa wachache, itakuwa kali kiasi gani. Lakini zina nguvu ndogo sana katika kuamua dalili zitajitokeza wapi mwilini. Watu wengi wameugeuza mpangilio huu. Wanadhani ukirithi ugonjwa umerithi na dalili zake, kwa hiyo asiye na dalili za mwenzake hakurithi kitu. Ndiyo maana wako watu wanaotembea na utumbo ulioharibika miaka mingi bila kujua.

Wengi hapa mnaijua siliaki, kwa hiyo sitakaa sana kwenye maelezo ya mwanzo. Gluteni ni protini za ngano, na nafaka za shayiri na rai zina ndugu zake. Mwenye siliaki akizila, kinga ya mwili wake inashambulia utumbo mwembamba. Vijinyweleo vya ukuta wa utumbo, ambavyo ndivyo vinavyofyonza chakula, vinafupika hadi ukuta unabaki tambarare. Katika nchi nyingi zilizofanya vipimo vya umma, karibu mtu 1 kati ya 100 anao, na wengi wao hawajagunduliwa. Daktari Mwingereza Samuel Gee aliueleza vizuri mwaka 1888, akasema tiba, kama ipo, itapatikana kwenye chakula, ila hakujua chakula kipi. Aliyeitambua ngano ni Mholanzi Willem-Karel Dicke, daktari wa watoto, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1950 ilionyesha wazi kwamba watoto wanapona ngano ikiondolewa na wanaugua tena ikirudishwa.

Sasa tuingie ndani, kwenye seli. Hapa naomba mnivumilie, maana pakieleweka hapa mengine yote yanafuata.

Protini nyingi tunazokula zinakatwakatwa tumboni hadi zinakuwa vipande vidogo visivyo na habari. Gluteni ni mkaidi. Imejaa asidi amino mbili, prolini na glutamini, ambazo vimeng'enya vyetu vya mmeng'enyo vinashindwa kuzikata vizuri. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kipande kimoja cha gluteni chenye asidi amino 33 kinachopita tumboni na kwenye utumbo bila kukatika. Kinabaki kizima kwangu, kwako na kwa mgonjwa wa siliaki. Huo ukaidi si kosa la jeni za mgonjwa. Ni tabia ya gluteni yenyewe.

Kipande hicho kikipenya chini ya ukuta wa utumbo kinakutana na kimeng'enya kiitwacho transglutaminesi ya tishu. Kazi yake ya kawaida ni kuunganisha protini pale penye jeraha. Lakini kikikutana na gluteni, kinazigeuza baadhi ya glutamini kuwa asidi glutamiki. Ni badiliko dogo sana, ila asidi glutamiki ina chaji hasi ya umeme ambayo glutamini haikuwa nayo. Mwaka 1997 iligunduliwa kwamba kimeng'enya hikihiki ndicho ambacho kingamwili za mgonjwa wa siliaki zinakilenga. Kwa hiyo mkipimwa damu na kuona maandishi tTG-IgA kwenye cheti, tTG ndicho kimeng'enya hicho, na IgA ni aina ya kingamwili.

Baada ya hapo ndipo jeni zinapoingia. Kwenye kromosomu ya 6 kuna eneo linaloitwa HLA. Jeni za eneo hilo zinatengeneza molekuli zinazokaa juu ya seli za kinga, na kazi yake ni kushika vipande vya protini na kuvionyesha kwa seli T, ambazo ndizo zinazoamua kama kitu ni adui. Ifikirieni molekuli hiyo kama kiganja kilichofunguliwa, kinachomwonyesha mlinzi kilichookotwa njiani. Kila mtu ana umbo lake la kiganja. Viganja vya watu wengi vinaishika gluteni kwa shida, inaponyoka, mlinzi haoni kitu. Kiganja kinachoitwa DQ2.5 kina vishimo katikati vinavyovuta chaji hasi, zilezile ambazo transglutaminesi imeziweka. Gluteni inakaa sawasawa na inakaa muda mrefu. Kingine, DQ8, nacho kinaishika, ila vishimo vyake vya chaji viko pembeni zaidi, kwa hiyo kinashika vipande tofauti kidogo. Na kile kipande cha asidi amino 33 nilichokitaja kinabeba sehemu 6 zinazopandana, na kila moja inaweza kushikwa na DQ2.5.

Karibu wagonjwa 9 kati ya 10 wa siliaki wana DQ2.5. Wengi wa waliobaki wana DQ8, na wachache wana DQ2.2, ndugu wa DQ2.5; zote mbili huitwa kwa pamoja DQ2. Asiye na hata kimojawapo, kumkuta na siliaki ni jambo la nadra mno.

Hapo ndipo watu wanapojikwaa. Katika jamii zenye asili ya Ulaya, watu kati ya asilimia 30 na 40 wana DQ2 au DQ8. Theluthi nzima ya watu! Na wanaougua ni kama asilimia 1. Walio wengi kabisa wenye jeni hizi wanakula mkate maisha yao yote na hawapati lolote. Kwa hiyo ukiletewa cheti kinachosema "DQ2 chanya", usilie na usiache kula ngano. Umeambiwa kwamba uko kwenye kundi ambalo siliaki inawezekana, basi. Lakini ukiletewa cheti kinachosema huna DQ2 wala DQ8, hicho kina uzito mkubwa: karibu kwa hakika huna siliaki na hutaipata. Nguvu ya kipimo cha HLA iko kwenye jibu la hapana. Ni kipimo kimoja kinachofaa sana kwa mtu ambaye alishaacha gluteni kabla hajapimwa, kwa sababu kingamwili hushuka ukiacha gluteni, ila jeni hazibadiliki kwa chakula.

Kuna dada mbele hapa ameandika swali kwenye karatasi akanipa kabla hatujaanza. Anauliza: "Wazazi wangu wote wawili hawana DQ2.5, iweje mimi ninayo?" Ni swali zuri sana na jibu lake linashangaza hata madaktari.

DQ2.5 ina minyororo miwili ya protini, na kila mnyororo unatoka kwenye jeni yake: mmoja kwenye jeni ya DQA1, mwingine kwenye DQB1. Watu wengi hupokea toleo linalotakiwa la jeni zote mbili kutoka kwa mzazi mmoja, zimeshikana kwenye kromosomu moja. Lakini inawezekana baba akupe toleo la DQA1 linalotakiwa, mama akupe toleo la DQB1 linalotakiwa, kila mmoja peke yake hana DQ2.5, na wewe ndani ya mwili wako ukaziunganisha. Molekuli inayopatikana inaishika gluteni vilevile. Kwa hiyo, dada yangu, maabara haikukosea na wazazi wako hawakukuficha kitu.

Tuje kwenye idadi ya nakala, maana hapo ndipo jeni zinapoanza kusema jambo kuhusu ukali. Kila mmoja wetu ana kromosomu ya 6 mbili, moja ya kila mzazi. Unaweza kuwa na nakala moja ya DQ2.5 au mbili. Mwenye mbili, molekuli zake zote za DQ ni za aina hiyo. Mwenye moja, minyororo inachanganyika na ile ya kromosomu nyingine, zinapatikana hadi aina 4 za molekuli, na huenda moja tu kati yake ndiyo DQ2.5. Kwa hiyo seli T za mwenye nakala mbili zinaonyeshwa gluteni mara nyingi zaidi na kwa wingi zaidi, nazo zinajibu kwa nguvu zaidi. Haya yamepimwa maabara.

Na yameonekana kwa watoto. Utafiti unaoitwa TEDDY uliwafuatilia maelfu ya watoto tangu kuzaliwa katika nchi 4: Marekani, Ufini, Ujerumani na Sweden. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba hadi kufikia umri wa miaka 5, watoto wenye nakala moja ya jeni hizi walikuwa na hatari ya asilimia 3 ya kupata siliaki, na wenye nakala mbili asilimia 11. Ukihesabu na wale ambao kingamwili zilikuwa zimepanda bila ugonjwa kuthibitishwa, zinakuwa asilimia 11 na 26. Ni tofauti kubwa. Nakala ya pili inaongeza hatari, na inauleta ugonjwa mapema.

Je, nakala mbili zinaufanya uwe mkali zaidi kwa aliyekwisha kuugua? Hapa tafiti hazikubaliani. Zipo zilizoona kwamba wenye nakala mbili za DQ2 hugunduliwa wakiwa wadogo zaidi, ukuta wa utumbo umeharibika zaidi, damu imepungua zaidi, na hupona polepole wakiacha gluteni. Zipo nyingine ambazo hazikuona tofauti yoyote ya maana. Mimi msimamo wangu ni kwamba kwa mgonjwa wa kawaida athari hiyo, hata kama ipo, ni ndogo kuliko ya mambo mengine: umri aliougua, miaka aliyokaa bila kugunduliwa, na jinsi anavyoshika lishe yake. Sioni sababu ya kumtisha mgonjwa kwa nakala zake.

Isipokuwa mahali pamoja, na mahali hapo sitapaficha. Kuna wagonjwa wachache sana ambao wanaacha gluteni kikamilifu, mwaka unapita, na utumbo hauponi. Hiyo inaitwa siliaki sugu. Imegawanyika aina mbili. Aina ya kwanza chembe za kinga zilizo kwenye ukuta wa utumbo zina sura ya kawaida. Aina ya pili chembe hizo zimebadilika, zimeanza kujizalisha zenyewe, na zinaweza kuishia kwenye saratani ya limfoma ya utumbo. Utafiti wa Uholanzi uliolinganisha makundi haya uliona kwamba wenye nakala mbili za DQ2 walikuwa kama 1 kati ya 5 kwa wagonjwa wa siliaki wasio na matatizo, lakini walikaribia nusu kwa wenye siliaki sugu ya aina ya pili, na walikuwa zaidi kidogo ya nusu kwa wenye limfoma. Huo ndio ushahidi ulio wazi zaidi kwamba jeni za kurithi zina mkono katika ukali wa ugonjwa huu.

Lakini hata hapo, jeni za kurithi hazitoshi. Chembe zile zilizobadilika, zikichunguzwa, mara nyingi hukutwa na mabadiliko kwenye jeni ziitwazo JAK1 na STAT3, ambayo mgonjwa hakuzaliwa nayo. Yametokea ndani ya chembe hizo baadaye maishani, baada ya kuchochewa miaka mingi na ishara za kinga kama intalukini 15. Ndiyo maana siliaki sugu ya aina ya pili karibu haipo kwa watoto. Ni ugonjwa wa watu wazima, hasa waliovuka miaka 50. Mwenye nakala mbili aliyegunduliwa mapema na akaacha gluteni amewanyima hizo chembe miaka ya kuchochewa. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu mtu akisikia neno saratani anasahau yote mengine niliyosema. Narudia: ni wachache sana.

Mtaniuliza: kama HLA haielezi kila kitu, jeni nyingine zinafanya nini? Zipo. Tangu mwaka 2007, tafiti zinazopekua jeni zote za maelfu ya watu zimekuwa zikizitafuta. Ya kwanza kupatikana ilikuwa eneo la kromosomu ya 4 lenye jeni za IL2 na IL21. Kufikia mwaka 2011 yalikuwa yamepatikana maeneo 39 nje ya HLA. Karibu yote yanahusu kinga, na mengi hayabadilishi protini yenyewe. Yanabadilisha kiasi chake, wapi itengenezwe na lini. Kila moja lina athari ndogo mno. Mengi yanahusika pia na magonjwa mengine ambayo kinga inaushambulia mwili wenyewe, kama kisukari cha aina ya kwanza na ugonjwa wa tezi ya shingo. Ndiyo sababu mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza anatakiwa kupimwa siliaki hata kama tumbo lake halina shida.

Mojawapo inanivutia sana. Inaitwa SH2B3. Toleo lake linaloongeza hatari ya siliaki linaonekana kuifanya kinga ijibu bakteria kwa nguvu zaidi, na dalili zilizomo kwenye jeni za watu wa Ulaya zinaonyesha kwamba toleo hilo lilienea haraka kiasi cha miaka 1,200 hadi 1,700 iliyopita. Yaani inawezekana sana liliwaokoa watu na maambukizi, wakaishi, wakazaa, na sisi tukabaki na deni lake. Naona ni muhimu mgonjwa alijue hili, hasa yule mzazi anayejilaumu kwamba amempa mtoto wake "jeni mbaya".

Turudi kwenye dalili, yaani sura ya ugonjwa. Wale mapacha wa Ufini wanatuambia nini? Mwenye upele wa ngozi na mwenye ugonjwa wa utumbo wana HLA ileile. Tofauti iko kwenye kingamwili: kwenye upele, kingamwili zinalenga ndugu wa kile kimeng'enya, transglutaminesi ya 3, iliyoko kwenye ngozi. Kwa wachache ambao siliaki inawavuruga mizani ya mwili, wanatembea wakiyumba, zinalenga transglutaminesi ya 6, ya mfumo wa fahamu. Kwa nini kinga ya mtu mmoja inaelekea ngozini na ya mwingine inaelekea kwenye ubongo, jeni tunazozijua hazitupi jibu. Umri unatusaidia zaidi kutabiri. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili huharisha, tumbo hujaa, hukonda, hununa. Mtoto mkubwa anaweza kuwa mfupi kuliko wenzake na basi. Mtu mzima anaweza kuja na upungufu wa madini ya chuma usiopona kwa vidonge, mifupa iliyodhoofika kabla ya umri wake, vidonda vya mdomoni vinavyojirudia, mimba zinazoharibika, uchovu ambao kila mtu ameshauzoea, naye mwenyewe ameshauzoea. Wengine hawana dalili kabisa, na ukichukua kipande cha utumbo wao ukakiangalia kwenye hadubini, ukuta ni tambarare kama wa yule mtoto anayeharisha.

Hili la mwisho naomba mlishike. Dalili na uharibifu wa utumbo haviendi pamoja. Anayelalamika sana anaweza kuwa na uharibifu mdogo, na asiyelalamika akawa na mkubwa.

Na mazingira? Mfano ninaoupenda ni mpaka wa Ufini na Urusi, eneo la Karelia. Watafiti walilinganisha watoto wa pande mbili. Jeni za HLA zinafanana, ngano wanakula wote. Upande wa Ufini, siliaki ilikuwa kwa mtoto 1 kati ya 107. Upande wa Karelia ya Urusi, 1 kati ya 496. Zaidi ya mara nne, na kinachowatenganisha ni mpaka na hali ya maisha! Maambukizi ya utotoni, bakteria wa utumboni, usafi, vyote vinatajwa. Huko Sweden nako, kuanzia katikati ya miaka ya 1980 siliaki kwa watoto wa chini ya miaka 2 iliongezeka mara nne hivi, ikadumu kama miaka 10, kisha ikashuka ghafla. Jeni za Waswidi hazikubadilika kwa miaka 10. Virusi navyo vina mkono: mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba virusi vya reo, ambavyo kwa kawaida havimuumizi mtu, vinaweza kwa panya kuifanya kinga iache kuivumilia gluteni.

Sasa tuchukue familia, tuone mambo haya yanavyokaa nyumbani. Baba ana nakala moja ya DQ2.5, mama naye ana moja. Wote wazima. Kila mtoto wanayemzaa ana nafasi 1 kati ya 4 ya kupata nakala mbili, nafasi 2 kati ya 4 ya kupata moja, na nafasi 1 kati ya 4 ya kukosa kabisa. Mtoto wa kwanza akiugua, yule mdogo wake aliyekosa kabisa, na hana DQ8 wala DQ2.2, mwacheni ale apendavyo. Hana haja ya kuchomwa sindano kila mara. Mwenye nakala mbili afuatiliwe kwa karibu. Ukichukua ndugu wa karibu wa mgonjwa kwa ujumla, wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja, kama asilimia 7 au 8 wana siliaki nao. Kwa ndugu aliyerithi HLA ileile kabisa, hatari inakaribia theluthi moja. Kwa pacha wa kufanana, ni robo tatu au zaidi. Ile tofauti kati ya theluthi na robo tatu ndiyo inayotuonyesha mchango wa jeni zote nyingine nje ya HLA. Na robo iliyobaki, yule pacha asiyeugua, ndiyo inayotuonyesha kwamba jeni zote zikiwa zilezile bado ugonjwa unaweza usije.

Nimeona mikono miwili. Kaka, anza wewe.

Anauliza kama mwenye nakala mbili anatakiwa ashike lishe kali zaidi kuliko mwenye nakala moja. Hapana. Lishe ni ileile kwa wote: hakuna gluteni, maisha yote. Chakula kinachoruhusiwa kuandikwa "bila gluteni" kinatakiwa kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo, na kiwango hicho ni kimoja kwa kila jeni. Kinachoweza kutofautiana ni ufuatiliaji. Mwenye nakala mbili aliyegunduliwa akiwa na umri wa miaka 55, na baada ya mwaka mzima wa lishe safi bado anakonda, mimi ningetaka utumbo wake uangaliwe tena bila kuchelewa.

Na wewe mama.

Anasema ana siliaki, ana mtoto wa miezi minne, ampime jeni kwanza, na amcheleweshee ngano ili asiugue? Mama, hili limejaribiwa vizuri, na matokeo yalitoka mwaka 2014 kwenye tafiti mbili tofauti. Moja iliwapa watoto walio hatarini gluteni kidogo kidogo kuanzia miezi minne, ikitumaini kwamba mwili utazoea. Haikuwakinga. Nyingine, ya Italia, iliwachelewesha baadhi hadi miezi 12. Wale waliocheleweshwa waliugua kwa kuchelewa kidogo, lakini kufikia miaka 5 idadi ilikuwa karibu sawa na ya wasiocheleweshwa. Kilichowatenganisha watoto katika utafiti huo ni jeni: kufikia miaka 10, wenye nakala mbili asilimia 26 walikuwa na siliaki, wengine asilimia 16. Kwa hiyo muda wa kuanza ngano hautamwokoa wala kumuua. Mwanzishie vyakula vingine kama mtoto mwingine yeyote, na gluteni mwanzishie wakati wowote kati ya miezi 4 na 12, ila usimpe kwa wingi wiki na miezi ya mwanzo.

Kipimo cha jeni unaweza kukifanya wakati wowote, kwa damu au kwa mate. Kikitoka hasi, umemaliza. Kikitoka chanya, mwache aendelee kula ngano, na akifikisha miaka 2 au 3 apimwe tTG-IgA pamoja na kiwango cha jumla cha IgA, kwa sababu wapo wenye siliaki ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha na kipimo kinawadanganya. Kikiwa sawa kirudiwe kila baada ya miaka miwili mitatu, hata kama anakua vizuri na anacheza. Na akianza kuonekana mnyonge au akaacha kurefuka, usisubiri aharishe kama ulivyoharisha wewe.

Nadhani muda wa ukumbi umekwisha. Wenye maswali yaliyobaki nitakuwa pale nje, na aliye na cheti cha HLA asichokielewa aje nacho tukisome pamoja.